Nilimfundisha mwanangu Kurani, nikamwambia asimwambie baba yake

Assalamu alaykum, Somo yangu.

Nakuandikia kutoka Malindi, ambako nimeolewa huu ni mwaka wa kumi, ingawa kwetu ni Lamu, mtaa wa Langoni. Nina watoto wawili, mvulana wa miaka minane na msichana wa miaka mitano. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti, mtu mpole, hanywi wala hazururi, na sijalala na njaa nyumbani kwake hata siku moja. Nayasema haya mwanzo ili usije ukadhani nalalamikia mume mbaya.

Tulipooana alikuwa akiswali kama watu wote. Mwaka 2023, habari za Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa, zilipotoka na maiti zikaanza kuletwa hapa mjini, jirani yetu alikuwa akiwatafuta jamaa zake, na mume wangu ndiye aliyempeleka kila asubuhi kwenda kuulizia. Siku moja alirudi akakaa barazani hadi usiku, chakula hakukigusa. Baada ya hapo alianza kuikosa Ijumaa moja moja, kisha akaacha kabisa, na miezi michache baadaye akamtoa kijana wetu katika chuo cha Kurani, ambako ndiyo kwanza alikuwa anaanza herufi. Nilipombana anieleze, alinitolea jambo ambalo hakuwahi kulitaja miaka yote ya ndoa yetu: kwamba alipokuwa na miaka tisa mwalimu wake wa chuo alimfunga miguu kwenye gongo akampiga nyayo kwa sababu alisahau aya, akarudi nyumbani akitembea kwa visigino, na baba yake akamwambia kuwa mwalimu hakosei. Aliniambia, "Mtoto hutiwa dini kwa hofu, na aliyezoea kuongozwa kwa hofu atamfuata yeyote anayejua kumtisha." Uamuzi wake ni kwamba watoto wetu tuwafundishe ukweli, usafi na heshima, basi. Wakitimiza miaka 18 watakwenda kuchukua kitambulisho, na dini nayo watajichagulia wenyewe.

Mimi nilinyamaza, Somo. Lakini msichana wetu ameishika Alhamdu kwa kuwasikia watoto wa jirani dirishani, anaisoma kwa makosa huku akicheza, na baba yake akiisikia huongeza sauti ya redio. Kisha mapema mwaka huu baba yangu alifariki huko Lamu. Tulikwenda sote, na mume wangu alilibeba jeneza pamoja na wenzake. Siku ya hitima, nikiwa ndani na wanawake, niliwaona watoto wa kiume kupitia mlangoni wamekaa jamvini, kila mmoja na juzuu yake. Kijana wangu alipewa yake akaifungua kutoka kushoto, kama daftari la shule, na binamu yake wa miaka sita akaichukua taratibu, akaigeuza na kumrudishia. Usiku ule aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mbona ni mimi tu nisiyejua?"

Likizo ya Aprili nilimpeleka kwa mama yangu, ambaye alikuwa bado yuko edani, nikamwambia mume wangu kuwa mtoto anakwenda kumliwaza bibi yake. Kwa wiki tatu alikuwa akienda chuo kila asubuhi. Nilimwambia baba yake akimwuliza aseme alikuwa akicheza ufukweni na wenzake. Amerudi na sura nane fupi, na husoma usiku amejifunika shuka, akisikia mlango unafunguliwa hunyamaza.

Mama yangu sasa anasema nimwachie kijana, amlee yeye Lamu. Kaka yangu anataka niende kwa Kadhi. Je, nani mwenye haki juu ya dini ya watoto hawa, na mimi nifanye nini?

Mama wa Wawili, Malindi

JIBU LA SOMO

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mzazi, Mungu amlaze pema, na mama yako ampe subira.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilikwama kwenye ile shuka. Kwa hiyo nitaanza na wewe kabla ya kumfikia mumeo, kwa kuwa wewe ndiye uliyeniandikia na yeye hayupo hapa kujitetea. Mwanao amerudi Malindi na sura nane, lakini amerudi pia na elimu nyingine ambayo hakuna mwalimu aliyekusudia kumpa: kwamba Kurani ni kitu cha kufichwa, kwamba kumcha Mungu na kumdanganya baba vinaweza kukaa katika kifua kimoja, na kwamba mlango ukifunguliwa mtu anayesoma maneno ya Mola wake anapaswa kushtuka. Mumeo alisema dini hutiwa kwa hofu. Uliyoyafanya mwezi wa Aprili, kwa mapenzi yote uliyokuwa nayo, yameyapa nguvu maneno yake, kwa sababu mtoto huyu sasa anaisoma Kurani akiogopa.

Uliyataka mema, hilo silitilii shaka, na lile swali la mtoto usiku wa hitima lingemuuma mama yeyote. Mimi mwenyewe nililiona tukio lile kama nilikuwa nimesimama mlangoni pamoja nawe. Lakini itazame sura ya Lukmani, ya 31 katika Kurani, ambamo baba anamwusia mwanawe na kumwita mara tatu kwa neno la mapenzi, ewe kijana wangu. Anamkataza kumshirikisha Mungu, anamwamrisha kuswali, anamwambia asitembee kwa maringo na apunguze sauti yake. Hayo ni malezi ya dini kutoka mwanzo hadi mwisho, na yamesemwa ana kwa ana, mzazi na mwana wanaonana uso. Na katikati ya wasia huo imo aya inayosema kuwa hata wazazi wakimshurutisha mtu ashirikishe, asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema duniani. Ikiwa tofauti kubwa kiasi hicho haivunji usuhuba wa nyumbani, tofauti yako na baba watoto wako isiwafanye mjenge nyumba mbili ndani ya moja.

Sasa nije kwa mumeo, na nitakaa kwake kidogo, maana naona watu wa kwenu wote wanamshughulikia kama aliyepotoka na hakuna hata mmoja aliyemshughulikia kama aliyeumizwa. Mtoto wa miaka tisa aliyetembea kwa visigino hadi nyumbani alikuwa na haki ya kupata angalau mtu mmoja wa kumwambia kuwa alidhulumiwa. Hakumpata. Alinyamaza miaka yote hiyo, akaoa, akaswali pamoja na watu, hadi maafa ya Shakahola yalipokuja kumtonesha kidonda. Wengi katika pwani yetu wanalijua gongo lile na kamba ile, na wengine hulihadithia kwa kicheko wakisema ndilo lililowafanya wawe watu. Mimi sicheki. Wapo wanaoleta hadithi ya Mtume inayotaja kuwaamrisha watoto kuswali wakiwa na miaka saba na kuwapiga wakiwa na kumi, wakaruka haraka hadi kwenye kipigo, na wakasahau kuwa baina ya saba na kumi kuna miaka mitatu, ambayo kwa swala tano za kila siku ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto kwa upole kabla hata neno kupigwa halijatajwa, na kwamba wanazuoni wenyewe wameweka masharti mazito juu ya kipigo hicho, kisijeruhi wala kisiwe cha hasira. Kumfunga mtoto miguu kwa sababu ya aya aliyoisahau hakumo kabisa katika hayo. Nayo Katiba yetu ya 2010 inakataza adhabu ya viboko, na inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili, awe shuleni au chuoni. Mwambie mumeo maneno haya kwa kinywa chako: kwamba alidhulumiwa, na kwamba baba yake alikosea kumwambia mwalimu hakosei. Usimwambie ili kumrudisha msikitini. Mwambie kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa amechelewa mno kuyasikia.

Hata hivyo, hoja yake ya miaka 18 siikubali, na ningemwambia hivyo hata kama angekuwa ameketi mbele yangu. Anadhani akinyamaza yeye, watoto watabaki kama ukurasa mweupe hadi siku ya kitambulisho. Malindi hakuna ukurasa mweupe. Adhana inaingia dirishani mara tano kwa siku, kwaya ya kanisa inafanya mazoezi Jumamosi jioni, mtoto akitoka nje kidogo ya mji atasikia habari za kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na za mizimu, na shuleni kwenyewe, kipindi cha dini kikifika, darasa linagawanywa Waislamu huku na Wakristo kule, naye kijana wenu hana budi kwenda mahali. Msichana wenu tayari ameshafundishwa Alhamdu na watoto wa jirani, tena kwa makosa. Kwa hiyo watoto watafundishwa tu. Kinachobaki ni kama watafundishwa na watu wanaowapenda na watakaokuwapo kesho kuulizwa maswali, au watafundishwa na atakayetangulia kufika, awe wa mtaani au wa kwenye simu.

Juu ya Shakahola nataka niwe mwangalifu, kwa sababu ni msiba wa majirani zetu, na zaidi ya maiti 400 zilizofukuliwa katika msitu ule, zikiwemo za watoto wadogo, si mfano wa kushindia mabishano. Sitamwambia mumeo kuwa malezi ya dini ni kinga, kwa kuwa waliokwenda kule hawakuwa watu wasio na dini. Hapo ana haki ya kuogopa, na mwenye kumcheka hajui alichokiona asubuhi zile akiwa na jirani yenu. Lakini watoto waliofia kule hawakuchagua chochote, walishikwa mkono na watu wazima ambao walikwishazoea kwamba kiongozi haulizwi. Jambo la kumkinga mtoto nalo ni hilo la kuuliza, na mtoto asiyejua lolote la dini hana hata swali la kumwuliza anayemjia na Kitabu mkononi. Aliyelelewa akijua kwamba mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, na kwamba kujiua njaa ni haramu, na ambaye siku zote alimwuliza baba yake "kwa nini" akajibiwa bila kukaripiwa, huyo ana pa kushika. Mumeo angeweza kuwa mwalimu mzuri sana wa jambo hilo, pengine kuliko wewe, maana anaijua hatari yake.

Na hapa ndipo ninapotaka mtenganishe mambo mawili ambayo barua yako imeyafunga pamoja. Kuna dini iliyo urithi: kujua juzuu hufunguliwa upande gani, kujua la kumwambia mfiwa, kuinua mikono wenzako wakiinua, kuijua ladha ya futari na nguo mpya ya Idi, kuweza kusimama katika safu ya kumswalia babu yako. Na kuna imani yenyewe, ambayo iko baina ya mtu na Mola wake, na ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuitia katika moyo wa mwanawe kwa mkono wake. La kwanza ni deni lenu, kwa sababu ni mali ya ukoo wao wote wawili, na kumnyima mtoto ni kumfanya mgeni hitimani kwa babu yake mzazi. La pili si mali yenu kulitoa wala kulizuia. Kurani inasema hakuna kulazimishana katika dini, na akitimiza hiyo 18 atafanya alichokifanya mumeo mwenyewe, yaani kuyapima aliyopewa. Mumeo aliweza kuyapima kwa sababu alikuwa nayo.

Umeniuliza nani mwenye haki. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu ulio sawa wa malezi, na kinayatanguliza maslahi ya mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unawatambua wazazi kuwa waongozaji wa mtoto katika mambo ya dini kwa kadiri uwezo wake unavyokua. Hakuna kati yenu aliyepewa kura ya turufu. Kwa Kadhi ni mahali pa heshima kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi, lakini mwambie kaka yako angoje, kwani wewe na mumeo bado hamjakaa hata mara moja mkayazungumza haya, na mnapokwenda mbele ya mtu wa tatu kabla ya hapo, mnakwenda kushindana. Na mama yako mwambie kwa adabu kwamba kijana hatabaki Lamu. Mtoto wa miaka minane hatengwi na baba mwema ili apate dini.

Mwambie mumeo ukweli wa likizo ile. Chagua saa ambayo ameshaoga na kula, watoto wamelala, na usimtangulizie sababu zako; anza na kosa lako, kwamba ulimpeleka mtoto chuoni na ukamfundisha kumficha baba yake. Atakasirika, na ana haki. Mwache amalize. Siku nyingine, si usiku ule, mweleze habari ya juzuu iliyofunguliwa kutoka kushoto na lile swali, kwani nina hakika alilibeba jeneza la mkwewe asijue mwanawe alikuwa na msiba wake mwingine ndani ya nyumba ile.

Mkifikia kuzungumzia chuo, pendekeza kwamba hakuna mtoto atakayepelekwa mahali ambapo baba yake hajakaa kwanza. Aende asubuhi mbili tatu, aketi nyuma bila kujitambulisha sana, atazame jambo moja tu: mtoto akikosea, mwalimu hufanya nini? Wapo walimu wanaomrudisha mtoto kwenye herufi yake, hii ina nukta moja chini, hii ina mbili juu, mara kumi bila kuinua sauti, na watoto wao hutoka mbio wakicheka. Akiona fimbo, aondoke, nanyi mtafute kwingine au mfundishe nyumbani, nusu saa baada ya magharibi yatosha kabisa kwa umri wao. Wewe ni mtu wa Langoni, unaujua msikiti wa Riyadha na unaijua habari ya Habib Swaleh, aliyewafungulia darasa watu waliokuwa wakidharauliwa, wakiwemo waliotoka utumwani, na akawavuta kwa matari na kasida. Hiyo nayo ni njia ya kumfundisha mtu dini, na imezaliwa mtaani kwenu. Mwezi wa Maulidi ukifika, mwombe mumeo mwende Lamu wote wanne. Asitakiwe kuswali wala kuimba. Akae na watoto watazame matari na mashindano ya punda, waione dini ikiwa na furaha usoni.

Naye asilazimishwe kujifanya. Watoto huijua swala ya kuigiza upesi kuliko mnavyodhani. Siku kijana atakapouliza babu amekwenda wapi, wewe sema unachokiamini kwa jina lako, "mimi naamini amerudi kwa Mola wake," na mumeo aseme lake kwa jina lake, hata kama ni kwamba yeye bado anafikiri. Asimcheke mama mtu mbele ya watoto, nawe usimsikitikie mbele yao kama mgonjwa. Nina imani kuwa mtoto anaweza kuyabeba majibu mawili ya watu wawili wanaopendana. Siri ndiyo isiyobebeka.

Ukishamwambia mumeo, usingoje hata siku mbili. Mwite kijana baba yake akiwepo, umwambie kuwa wewe ulikosea kumtuma afiche, na kwamba hana siri tena ya kukutunzia. Iondoe shuka. Kisha mwulize mumeo kama yuko radhi kumsikiliza mwanawe akisoma zile sura nane. Asipokuwa radhi, mwache atoke akae barazani, na kijana asome ndani, taa ikiwaka na mlango ukiwa wazi.